Mvi Mbele ya Kamera

Kabla sijaiona filamu ya The Letter nilikuwa mpiga video wa harusi na matanga, na kazi ilikuwa ikinilipa. Huku Kilifi matanga hayafanywi kwa siri. Kuna hema, kuna spika, kuna masufuria ya wali, na usiku vijana hutafuta disko matanga yao hata serikali ikikataza. Mwenye matanga hutaka kila kitu kiingie kwenye video: jeneza likishushwa garini, wakwe wakifika na mchango wao, na zaidi ya yote, hotuba. Hotuba ndizo zinazorudiwa kutazamwa. Na ni katika hotuba hizo nilipomsikia, tena si mara moja, mtu akishika maikrofoni na kusema kwamba ndugu yetu hakufa kifo cha Mungu, aliyemla yuko papa hapa, anakula wali wetu. Jina halitajwi, wala halihitajiki. Watu wote hugeuka upande mmoja, na huko wanakogeukia utamkuta bibi mwenye mvi, ameinamia leso yake.

Aliyezaliwa Ganze, Kaloleni au Magarini anajua mambo yanavyoendelea baada ya hapo. Minong'ono, kisha vitisho, na siku nyingine panga usiku. Ndiyo maana kuna wazee wetu wanaopaka piko kichwani kuficha mvi, na si kwa urembo. Ndiyo maana pia wengine wamehama nyumba walizojenga kwa mikono yao wakakimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, wanakohifadhiwa wazee walioitwa wachawi.

Filamu yenyewe ilitoka mwaka 2019. Walioitengeneza ni mke na mume: Maia Lekow, mwanamuziki Mkenya, na Christopher King kutoka Australia. Kenya iliichagua kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar, ila hilo nilikuja kulijua baadaye. Mimi niliyemwona ni Karisa, kijana wa Mombasa anayepata habari kupitia Facebook kwamba nyanya yake ameitwa mchawi. Anarudi kijijini kuuliza kulikoni. Nyanya huyo, Kamango, amepita miaka tisini na bado ana jembe mkononi. Wanaomtuhumu hawakutoka mbali. Ni damu ya ukoo uleule.

Mimi ni mtu wa kuhariri, kwa hiyo jicho langu lilikwenda kwanza kwenye muda. Katika video za matanga mzee hupata sekunde chache tu, anapunga mkono, kisha wimbo unaingia. Humu Kamango aliachiwa nafasi. Alifanya kazi zake, akasali, akazungumza na wanawe kwa lugha ya nyumbani, na hakuna aliyemharakisha. Wanaomshuku nao waliachwa waseme, hawakupigiwa kelele wala kuchorwa kama mashetani. Na kadiri mazungumzo yalivyoendelea, uchawi ulipungua mdomoni na shamba likaongezeka: nani anamiliki wapi, nani atarithi nini, nani hajapata. Nilikuwa nimeyasikia mahubiri mengi na maonyo mengi ya chifu kuhusu jambo hili. Hakuna lililonionyesha mzizi wake waziwazi kama saa moja na ushee ya kumtazama bibi wa watu akiishi.

Nikaanza kutafuta filamu nyingine za aina hii. Thank You for the Rain, ya mwaka 2017, ilinifunza jambo la pili. Julia Dahr, mtengeneza filamu kutoka Norway, alimpa kamera Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani, naye akairekodi familia yake mwenyewe, ukame na mafuriko, mpaka akafika Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015. Mkulima ndiye aliyeishika kamera. Nikajiambia kwamba ikiwa wenzetu wa Ukambani wameweza, basi sisi wenye kamera kila Jumamosi hatuna la kusingizia.

Kazi yangu ikabadilika pole pole, kwa kuanzia na mzee mmoja wa mtaani kwetu. Wanawe walikuwa wameanza kumkwepa, na mmoja alikuwa amesema mbele za watu kwamba baba ana mkono mbaya. Nilimwendea kwa adabu, nikamwomba nimrekodi akisimulia alivyolipata shamba lake. Akakubali, lakini akasema nije kesho, kwanza apake piko. Kesho yake nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda, kichupa cha piko kiko miguuni hakijafunguliwa, na kichwa ni cheupe kama pamba. Akaniambia, "Mwanangu, nimefikiri usiku kucha. Wajukuu zangu wanione nilivyo."

Nilishusha kamera mpaka usawa wa macho yake, nikambandikia maikrofoni ndogo kwenye ukosi wa shati, nikanyamaza. Alizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Kisha akainuka, tukafuata mipaka. Mwembe huu aliupanda mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza. Minazi ile mitatu ni ya nduguye, mzee ana ardhi lakini nazi si zake, na hilo lilikubaliwa mbele ya wazee fulani aliowataja kwa majina, wote wameshazikwa. Pale penye kisiki ndipo kaburi la mamake. Wanawe hawakuwahi kuambiwa hata nusu ya hayo, na wala hawakuwahi kuuliza.

Walipoitazama video, yule aliyekuwa akisema mambo ya mkono mbaya hakuomba msamaha. Aliuliza swali moja tu, kuhusu minazi ile. Mzee akamjibu. Wakabishana, wakaenda kwa chifu, mpaka leo hatimiliki haijatoka. Lakini wanabishana kuhusu minazi, kwa sauti, mchana, na baba yao anaitwa kikaoni aseme anachokijua. Mtu anayehitajika kuonyesha mpaka si rahisi kumfukuza.

Sisemi video inazuia panga. Anayeamua kumwendea mzee usiku hatasimama kutazama filamu kwanza, na wanaohitaji ulinzi wa haraka wanahitaji polisi na jirani mwenye moyo. Ila najua sasa kwamba tuhuma hizi hulelewa na ukimya, na ukimya huo naweza kuupunguza kwa kamera niliyokwisha kuilipia.

Matanga bado naenda, kwa sababu karo hailipwi kwa filamu za wazee. Lakini kabla ya kuwasha taa huzungumza na MC. Humweleza kwamba Sheria ya Uchawi, ile tuliyoachiwa na mkoloni tangu 1925, inalifanya kosa jambo la kumwita mtu mchawi, na kwamba aliye na malalamiko ayapeleke kwa wenye mamlaka, asiyapeleke kwenye spika. Humwambia pia kwamba hotuba ya namna hiyo ikianza, nazima. Kuna waliokasirika wakachukua mpiga video mwingine. Kuna familia zilizonishukuru pembeni, kwa sauti ya chini.

Kila rekodi ya mzee naitolea nakala kadhaa: moja yake, moja ya binti aliyeolewa mbali, moja ya mzee wa mtaa. Binti simwachi nje, maana kwenye ugomvi wa shamba mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kumpokea mama yake akifukuzwa. Vijana wawili wa Ganze wameanza kufanya vivyo hivyo kwa simu zao, na tayari wananizidi kwa jambo moja: Kigiriama chao ni kizito kuliko changu, kwa hiyo wazee huwaambia mengi zaidi.