Vyombo vya Kuvunjika Siku ya Kuhama

Wengi wetu tunahamia huku Bunju kabla nyumba hazijakwisha. Vyumba viwili hutiwa madirisha, vingine husubiri fedha, na vyombo hukaa ndani ya maboksi miezi mingi. Kwa hiyo kuvifunga si kazi ya kuharakisha usiku wa mwisho.

Usilaze sahani moja juu ya nyingine. Gari likirukaruka, uzito wote huiangukia ile ya chini. Zisimamishe kwa ubavu, kila moja ndani ya khanga kuukuu au karatasi yake. Watu wa kale nao walikuwa na akili hii ya kufunga. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ilipatikana merikebu iliyozama katika karne ya 9, mbao zake zimeshonwa kwa kamba kama mtepe wa pwani yetu. Ilichukua vyombo vya Kichina vipatavyo 60,000. Mabakuli mengi yalipangwa kwa kuzunguka, yakabanana ndani ya mitungi mikubwa, na mengi yalitolewa mazima. Hata makaburi ya kale ya Kunduchi, jirani zetu, yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Nayo yalivuka bahari kwanza.

Glasi zijaze karatasi ndani. Vizito viweke chini, vyepesi juu. Nafasi tupu ijaze matambara au maranda ya seremala. Kisha litikise boksi polepole: ukisikia mlio, fungua upange tena. Wino wa gazeti huchafua vyombo vyeupe, basi vitangulizie kitambaa. Ukifika, weka maboksi juu ya mbao au matofali, yasiguse sakafu, maana unyevu wa masika na mchwa hupenda karatasi.

Mimi ninalo bakuli la udongo la marehemu mama. Sokoni bei yake ni ndogo, lakini hakuna duka liuzalo jingine.

Lakini, wapenzi, liko jambo kubwa kuliko bakuli. Mara nyingi sahani ikivunjika, kijana mbebaji hukatwa ujira wake, hali boksi lilifungwa vibaya tangu ndani. Ujira ule ni chakula cha watu nyumbani kwake. Mtume Paulo alitufananisha sisi wenyewe na vyombo vya udongo. Tufunge vizuri, tumwonyeshe mbebaji boksi la kuchukuliwa taratibu, na jioni tumlipe haki yake yote.