Kemia ya benzini: anza mwisho, rudi mwanzo

Leo naomba tuweke programu kando kidogo, tuongee kemia. Najua wengine mlifunga kitabu cha kemia siku mliyomaliza kidato cha nne mkaapa kutokifungua tena. Vumilieni tu, maana mkifika katikati mtaona hii ni kazi yetu sisi watu wa kompyuta.

Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili chuoni. Muhula uliopita alianguka karatasi moja tu, kemia ogani, ikabidi afanye sapu. Kwa masharti ya kozi yake, ukianguka na sapu unarudia mwaka mzima. Na karo ya mwaka mzima kwetu ni mbuzi, tena wengi. Baada ya ule ukame wa 2020 hadi 2023, mbuzi waliobaki si wa kuchezea.

Yeye alikuwa nyumbani Kakuma, mimi niko kazini Lodwar, kilomita kama 120 hivi kati yetu. Basi tukasoma kwa simu. Anachora kwenye daftari, anapiga picha, ananitumia, nami najibu usiku nikitoka kazini. Rafiki yake anayeishi kambini, anayesoma kozi hiyohiyo, alikuwa anakuja nyumbani wanasoma pamoja kwa simu moja.

Mimi shahada yangu ni ya kompyuta, siyo kemia. Lakini tatizo lilionekana mapema. Ukimuuliza mmenyuko mmoja mmoja, anajibu bila kusita. Swali likisema "kutoka tolueni, tengeneza benzokaini", kalamu inasimama. Aliniandikia hivi: "Kaka, kila mshale naujua, ila sijui nianze na upi."

Hapo nikatabasamu. Hilo ni tatizo la mpangilio wa hatua, na sisi tunaishi nalo kila siku. Ukifuta safu ya hifadhidata kabla ya kunakili data yake, amri zote mbili ni sahihi lakini data imekwenda. Kemia ya benzini iko hivyohivyo.

Tuangalie mfano wenyewe. Tolueni ni duara la kaboni 6 lenye kundi dogo la methili pembeni. Benzokaini ni dawa ya ganzi, ile ya kupaka kwenye fizi. Ina duara lilelile, upande mmoja kundi la amino, na upande wa pili, mkabala kabisa, kundi la esta. Mkabala huo ndio unaitwa para. Jirani wa karibu anaitwa otho, anayefuata anaitwa meta.

Nikamwambia aanze na benzokaini na ajiulize swali moja tu: kabla ya hii kulikuwa na nini?

Esta inatokana na asidi iliyochemshwa na ethanoli pamoja na asidi kidogo ya salfuriki. Sawa, hatua ya mwisho tumeipata. Kundi la amino je? Hilo halibandikwi moja kwa moja kwa urahisi. Unabandika nitro, halafu unaigeuza kuwa amino kwa bati na asidi ya haidrokloriki. Kwa hiyo kabla yake tulikuwa na duara lenye nitro upande mmoja na kundi la asidi mkabala.

Sasa tumefika njia panda. Unaweza kuoksidisha methili ya tolueni iwe asidi kwanza, halafu uweke nitro. Au uweke nitro kwanza, halafu uoksidishe. Kwenye karatasi zinafanana. Kwenye chupa hazifanani hata kidogo.

Kipande cha nitro kinachoshambulia duara kina chaji chanya, kinatafuta mahali penye elektroni nyingi. Methili inasukuma elektroni ndani ya duara, hasa kwenye otho na para. Kundi la asidi linavuta elektroni nje, na nafasi inayoumia kidogo kuliko nyingine ni meta. Ukianza kuoksidisha, nitro itakaa meta, na benzokaini hutaipata tena. Kwa hiyo nitro kwanza. Utapata mchanganyiko wa otho na para, utatenga para, halafu utaoksidisha kwa potasiamu pamanganeti.

Rafiki yake akauliza swali zuri: kwa nini tusigeuze nitro kuwa amino mapema, kabla ya kuoksidisha? Kwa sababu pamanganeti haichagui. Itaila amino pia. Nitro inavumilia, amino haivumilii. Kwa hiyo mpangilio ni huu: nitro, oksidisha, punguza, esta. Hatua 4, na kila moja ina sababu ya kukaa pale ilipo.

Kwa wenye udadisi, hesabu yake ni hii. Ukiwa na orodha ya mimenyuko 8 na unataka hatua 4, ukianza mbele kuna njia 4,096 za kujaribu. Ukianza nyuma, kila hatua inakuachia moja au mbili. Niliandika programu fupi ya Python kuhakikisha, na kweli kwenda nyuma kulimaliza kabla sijainua kikombe cha chai. Wazo hili si langu. E. J. Corey wa Harvard ndiye aliyelifanya kuwa elimu kamili, na mwaka 1969 yeye na Todd Wipke walichapisha kazi ya kuifundisha kompyuta kupanga hatua hizo. Corey alipata Nobel ya kemia mwaka 1990.

Mdogo wangu aliuliza pia tolueni yenyewe inatoka wapi. Kwa wingi inatokana na mafuta ghafi. Nikamkumbusha kwamba mafuta yaligunduliwa hapa Turkana mwaka 2012, kisima cha Ngamia-1, kusini mwa Lodwar. Lakini kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mwaka 2013. Akajibu: "Kwa hiyo chini tunayo, dukani hatuna." Sikuwa na la kuongeza.

Sapu ameshafanya. Anasema kulikuwa na swali la hatua 5, akageuza karatasi ya majibu na kuanza kuandika kutoka chini kwenda juu, msimamizi akamwangalia mara mbili. Matokeo bado.

Wakati tunasubiri, nawaachia zoezi. Una benzini tupu. Unataka duara lenye klorini na nitro zikiwa meta kwa meta. Klorini hupeleka mgeni otho na para, nitro humpeleka meta. Utaanza na ipi? Andikeni jibu na sababu yake kwenye maoni hapo chini. Jibu bila sababu silihesabu.