Pembea ya Shangazi Katika Masika ya Bondeni

Ukitoka Mji wa Kale kwa miguu baada ya sala ya Alasiri, ukaziacha nyuma nyumba za roshani na kushika njia ya kuelekea Barabara ya Abdel Nasser, huendi mwendo mrefu ila umeshaingia Bondeni. Wageni wanaokuja kuitazama Ngome ya Yesu hawafiki huku. Hapana mizinga wala milango ya nakshi ya kupigia picha. Pana watu: wauza kahawa na madele yao, akina mama waliokaa mbele ya karai za viazi, na watoto wa chuoni wanaokimbia na misahafu vifuani. Mvua inaponyesha ndipo mgeni hufahamu kwa nini mtaa ukaitwa jina hili. Maji hushuka vichochoroni kama yaliyoitwa, na mitaro iliyojaa taka huyakataa.

Katika mtaa huu anaishi shangazi yetu, dada wa marehemu baba yetu, mwanamke aliyekwisha kuvuka miaka themanini. Nyumba yake ni ya Kiswahili ya zamani, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mabati juu na ua nyuma. Uani pana mwarobaini, na baina ya mwarobaini ule na nguzo ya jiko imefungwa pembea ya kulalia. Marehemu mumewe alikuwa baharia wa majahazi, na pembea ile aliishona kwa mkono wake kutokana na tanga kuukuu. Mabaharia ni watu wa pembea tangu zamani. Wazungu waliziona kwanza kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi walipofika huko mwaka 1492, kisha wakazitia katika merikebu zao, kwa kuwa chombo kikiyumba pembea hubaki imetulia. Hata machela, ambayo leo twaijua kuwa ya kubebea wagonjwa, zamani ilikuwa pembea iliyoangikwa kwenye mti na kuchukuliwa mabegani.

Shangazi hakuwa akilala nje. Alianza miaka michache iliyopita, ghorofa lilipojengwa ubavuni mwa nyumba yake likauziba upepo wa kusi. Kifua chake ni cha pumu, na chumba cha mabati kisichoingia upepo humkaba. Uani bado hupita hewa kidogo. "Ndani nakabwa, wanangu," alituambia. "Nje napumua."

Basi masika ya mwaka jana, usiku mmoja wa mwezi wa Mei, ambao ndio mwezi wa mvua nyingi kabisa kwetu Mombasa, ilishuka mvua kabla hajapata kuinuka. Miguu yake si ya haraka. Mjukuu aliyelala naye alipoamka alimkuta amelowa chapachapa ndani ya tanga lililogeuka bakuli. Ikafuata homa ya mapafu na siku tisa za hospitali. Alipotoka, sisi jamaa tulikaa kikao. Binamu yetu ana nyumba Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali, na sote tulikubaliana kuwa Shangazi ahamishiwe huko. Tulikubaliana sote isipokuwa mwenyewe, ambaye hatukumwita kikaoni.

Tulipompelekea habari alitusikiliza mpaka mwisho, akajifunga leso vizuri, kisha akasema: "Kosa ni la mvua, na anayehamishwa ni mimi?" Hatukuwa na jawabu. Sisi ambao kila Ijumaa huwahutubia watu juu ya haki za wazee tulitoka pale tukitazama viatu vyetu. Tukamwomba mwaka mmoja. Ikiwa masika yatakayofuata atalala mkavu, habari ya Kisauni isitajwe tena.

Tulidhani kazi ni ndogo. Tulinunua turubai, tukalitandaza juu ya pembea kama dari na kufunga pembe zake nne. Mvua ya kwanza ya mwezi wa Machi ilitufunza. Turubai lililolala bapa hukusanya maji katikati, hushuka tumbo, kisha hulemewa likamwaga lote kwa mara moja. Alhamdulillahi, Shangazi alikuwa msalani.

Mara ya pili tulipitisha kamba moja iliyokazwa sana kutoka mwarobaini hadi nguzoni, juu ya pembea, tukalitundika turubai juu yake kama paa lenye migongo miwili. Maji yakateremka pande zote kwa uzuri. Tukaipongeza nafsi yetu. Asubuhi tukaambiwa kuwa kichwani pa pembea pamelowa, na miguuni vilevile, ilhali katikati ni pakavu. Turubai halikuwa na tundu. Tulilichunguza juani, mimi na mjukuu, tusione hata nukta moja ya mwanga.

Jawabu tulilipata Bandari ya Kale. Yuko pale mzee mmoja fundi wa vyombo, katika wachache waliosalia ambao bado wajua kutia kalfati na kupaka sifa na deheni. Tulimweleza, naye akacheka kwa adabu. "Maalim," akasema, "umeziba juu ukasahau kamba. Maji hayana akili, lakini njia wanaijua." Akatuonyesha kwa uzi na kikombe. Mvua hupiga shina la mti, ikashuka hadi kwenye fundo. Na kwa kuwa kamba ya pembea hutoka juu ikiinamia chini, maji huifuata kamba ile, yakapita chini ya turubai kama mwenye nyumba na kuingia kitandani. Kamba yetu ilikuwa ya makumbi, ambayo hunywa maji kama utambi unywavyo mafuta. Dawa yake ni kipande cha kitambaa cha pamba, urefu wa shibiri, kifungwe katika kamba mahali palipositirika na turubai, kabla kamba haijafika kwenye pembea, na ncha yake iachwe ining'inie. Maji yakifika hapo huona njia fupi ya kwenda chini, yakadondoka. Vitambaa viwili tu, kimoja kila upande. Shangazi alivikata kutoka leso yake kuukuu.

Mzee yule aliongeza mambo mengine. Turubai lipite kila ncha ya pembea kwa mkono mzima. Upande wa kusini ushushwe zaidi, kwa sababu wakati wa masika pepo huwa zimegeuka kuwa kusi, na mvua haianguki wima, bali huja kwa ubavu. Na mtu asiliguse tanga la pamba kwa ndani likiwa limelowa, maana pale alipogusa ndipo litakapoanza kuvuja. Katika hilo turubai la plastiki ni bora. Nasi tukaweka sharti letu: radi zikianza au upepo ukivuma kwa nguvu, Shangazi aingie ndani, awe anapenda au hapendi, kwani mti wakati wa radi si mahali pa kulala.

Faida moja hatukuitarajia. Pembe ya turubai iliyoshushwa sana humwaga maji mahali pamoja, na chini yake akina mama wa nyumba ile waliweka pipa. Anayeijua Bondeni anajua bei ya madumu yanayokuja kwa mkokoteni wakati mifereji imekauka. Maji ya mvua ni maji mutlaki. Yanafaa kwa udhu, kwa josho na kwa kufulia. Ila pipa lifunikwe. Homa ya dengi ilipoingia Mombasa mwaka 2013 iliwalaza wengi, na mbu wake hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, tena huuma mchana. Shangazi hufunika kwa sinia na jiwe juu yake.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipolalamikiwa mvua iliyozidi, aliomba inyeshe pembezoni wala si juu ya watu. Dua hiyo tuliisoma usiku mmoja wa Mei mwaka huu, tulipotoka kusalisha Isha mvua ikimiminika. Hatukuweza kwenda nyumbani kabla ya kupita Bondeni. Maji kichochoroni yalifika kwenye vifundo vya miguu. Tuligonga, mjukuu akafungua, tukapita ukumbini hadi uani.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Vile vitambaa viwili vya leso vilikuwa vikidondoka, tone baada ya tone, na chini ya kimoja mtu ameweka sufuria. Shangazi alikuwa macho, tasbihi mkononi. Tuliingiza mkono kichwani pa pembea, kisha miguuni. Pakavu.

"Mwatafuta nini usiku huu?" akauliza. Kisha akamwambia mjukuu alete taulo, kwa sababu kanzu yetu ilikuwa inachuruza maji sakafuni kwake.