Njia ya Natron: Chanjo, joto na betri ya pili

Ukitoka Arusha kwenda Ngorongoro, lami inakufikisha Mto wa Mbu, mji wa ndizi nyekundu na vinyago. Magari ya watalii yanapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu. Gari la Ziwa Natron linakunja kulia, linafuata chini ya ukingo huo kwenda kaskazini, linapita Selela na Engaruka, na kuingia kwenye mbuga kavu.

Wageni huijua njia hii kwa magofu ya kale ya Engaruka, kwa mlima Ol Doinyo Lengai wenye urefu wa mita 2,962, na kwa heroe wanaozaliana kwenye maji ya magadi ya Natron. Kwa mama anayeishi kwenye boma mbali na zahanati, na mwenye mtoto wa miezi tisa mgongoni, hii ni njia ya chanjo.

Huko ndiko huduma ya mkoba inakohitajika. Wahudumu wa afya hupakia chanjo, mizani, kadi na sindano, kisha huzifuata familia ziliko. Mama anaambiwa siku na mti wa kukutania. Wengine hutembea saa kadhaa kufika hapo.

Tatizo ni joto. Natron iko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mchana joto linaweza kupita nyuzi 40. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, tangu bohari hadi kwenye paja la mtoto.

Baridi kali nayo huharibu

Wazazi wengi wanajua kwamba joto huharibu chanjo. Wachache wanajua kwamba kuganda pia huharibu. Pentavalenti, anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida. Chanjo ya HPV wanayopewa wasichana iko kundi hilohilo.

Kwa safari ya siku moja, kibebeo chenye pakiti za barafu zilizoandaliwa vizuri hutosha. Safari ikiwa ya siku mbili au tatu, barafu inayeyuka, na huko njiani hakuna pa kuigandisha upya. Hapo ndipo friji ndani ya gari inapokuwa na maana, na hapo ndipo betri inapoingia kwenye habari za afya ya mtoto.

Asubuhi gari haliwaki

Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kwa kazi moja: kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili stata izungushe injini. Baada ya hapo oltaneta inairudishia chaji. Haikutengenezwa kulisha friji usiku kucha.

Ukiunganisha friji moja kwa moja kwenye betri hiyo na kulala Engare Sero, kijiji kilicho karibu na ziwa, friji itainywa taratibu hadi alfajiri. Dereva anageuza ufunguo, chini ya boneti kunasikika "tik, tik", basi. Friji nayo imezima, na jua linachomoza.

Mjini ungemwita jirani akubusti. Kwenye njia hii unaweza kungoja sana kabla gari lingine halijapita. Chanjo zinapata joto, kijiji kinachofuata kinasubiri bure, na kama usiku huo kuna mjamzito mwenye uchungu, gari ambalo lingempeleka hospitali halitembei.

Kinachookoa ni kutenganisha

Dawa yake ni betri ya pili, ya aina inayovumilia kutumika polepole kwa muda mrefu, ile ambayo wengi huiita betri ya sola. Lakini kuiweka tu haitoshi. Betri mbili zilizofungwa pamoja moja kwa moja zitaisha pamoja. Kazi yote iko kwenye kifaa kinachokaa katikati.

Kifaa rahisi ni rilei inayosoma volti. Injini ikiwaka, umeme unapanda hadi karibu volti 14, rilei inaziunganisha, na betri zote mbili zinachajiwa. Injini ikizimwa na volti zikishuka hadi karibu 12.8, inazitenga. Friji inabaki kula kwenye betri yake, na ile ya kuwashia gari haiguswi. Kwa magari mapya, ambayo oltaneta yake hupunguza chaji ili kuokoa mafuta, inahitajika chaja maalumu kati ya betri hizo.

Hapa wengi hukosea. Kuna magari ya dizeli yanayotoka kiwandani na betri mbili. Zote mbili ni za kuwashia injini. Mwenye gari huona mbili chini ya boneti, akaamini moja ni ya friji, na asubuhi zote zimekufa.

Waya nao una masharti yake. Waya unaounganisha betri mbili una umeme kutoka pande zote mbili, hivyo unahitaji fyuzi mbili, kila moja karibu kabisa na betri yake. Fyuzi ikiungua, isibadilishwe kwa kipande cha waya. Waya uwe mnene, kwa sababu kutoka mbele hadi nyuma ni mita kadhaa, na waya mwembamba hupoteza umeme na kupata moto. Unapotoboa bodi upitishiwe kwenye mpira, kwani barabara hii ina vijituta vilivyopangana kama bati, na mtikisiko wake husaga ganda la waya hadi shaba iguse chuma. Gari linaweza kuungua.

Betri yenyewe ifungwe imara. Ile ya maji isikae ndani wanakokaa abiria, kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Hesabu nayo ni muhimu. Friji inayotumia wastani wa ampia 2 itakula ampia-saa 48 kwa siku nzima. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Maana yake, gari likisimama bila kuwaka, una takriban siku moja.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha kwa mara ya kwanza gari lenye friji ya chanjo: Toyota Land Cruiser yenye friji ya lita 396. Friji hiyo ina betri yake inayoweza kuiendesha kwa takriban saa 16, na hujichaji gari likitembea. Friji ya kawaida ya kupigia kambi si mbadala wa hiyo kwa chanjo.

Mzazi aangalie nini

Chupa nyingi za chanjo zina alama ndogo ya duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijazidiwa na joto. Ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, haitumiki. Alama hiyo haionyeshi kama chanjo iliganda. Mzazi ana haki ya kuomba aionyeshwe, na mhudumu mzuri hachukii swali hilo.

Familia inayosafiri na mtoto anayetumia insulini nayo ihesabu vivyo hivyo. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 na isigande, hivyo isiegemezwe kwenye ukuta wa friji unaogandisha. Kabla ya safari, washa friji usiku mmoja gari likiwa nyumbani, weka kipimajoto ndani, kisha jaribu kuwasha gari asubuhi. Kama lina hitilafu, ijulikane ukiwa karibu na fundi.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, miezi 9 na miezi 18. Mama wa Engare Sero akitembea saa tatu kuifuata ya kwanza na asiikute, ni vigumu kumlaumu asiporudi kwa ya pili.