Mama Aliye Mbali: Niliyojifunza kwa Wafilipino wa San Francisco

Asubuhi ya kwanza nilipoamka katika mji wa Daly City, kusini tu mwa San Francisco huko Marekani, nilidhani nyumba ya jirani inaungua. Nje kulikuwa kweupe pe, hata ng'ambo ya barabara haionekani. Mwenyeji wangu alicheka sana. Akaniambia kuwa huo ni ukungu wa baharini tu, nao huja karibu kila siku wakati wa kiangazi. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuja kulisikia katika kila nyumba ya Wafilipino niliyoingia: "Umekula?" Kabla sijajibu, sahani ilikwisha kufika mezani: wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu, yai na samaki mkavu. Nikajiona nipo nyumbani.

Ilikuwa Agosti 2023. Nilikuwa nimealikwa kwa wiki tatu na akina mama wa kanisa rafiki, nikapewa kukaa kwa muuguzi mwenzangu aliyezaliwa Ufilipino. Kwa kuwa amenizidi umri nilimwita Ate, yaani dada mkubwa, kama walivyomwita wengine.

Akina mama wenzangu, niwaambie na jambo ambalo sikumwambia mtu kule. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na barua. Hospitali moja katika nchi ya Ghuba ilikuwa imenikubalia kazi kwa mkataba wa miaka miwili, kwa mshahara ambao hapa nyumbani ningeupata kwa miaka mingi. Majibu yalitakiwa kabla ya mwisho wa Septemba. Mume wangu alikuwa amesema, "Nenda tu, mama watoto, hawa nitabaki nao." Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka minane.

Mitaa yenye majina ya mashujaa

Daly City ni mji ambao karibu theluthi moja ya wakazi wake wana asili ya Ufilipino. Ukipanda basi utasikia Kitagalog, na watoto wakiingia nyumbani huushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wao. Ni heshima ile ile ya shikamoo yetu, ila wao huitoa kwa mkono.

Jumapili moja Ate alinipeleka San Francisco, katika mtaa uliopo kusini mwa barabara ya Market. Tulisali katika kanisa la Mtakatifu Patrick, ambalo lilijengwa kwa ajili ya wahamiaji wa Ireland na sasa waumini wake wengi ni Wafilipino. Ate alinieleza kuwa mwezi wa Desemba Wafilipino husali misa kwa siku tisa mfululizo, kuanzia tarehe 16 hadi 24, na kwao Ufilipino huamka kabla ya jogoo kwa ajili ya misa hizo. Nyumba na makanisa hupambwa kwa taa zenye umbo la nyota.

Karibu na hapo tulipita kwenye vichochoro vilivyopewa majina mwaka 1979 kwa heshima ya mashujaa wa Ufilipino. Kuna Lapu Lapu, mtawala wa kisiwa cha Mactan ambaye watu wake walimwua Magellan mwaka 1521. Kuna Rizal, daktari wa macho na mwandishi wa riwaya aliyepigwa risasi na Wahispania tarehe 30 Desemba 1896. Lakini kilichonigusa ni kile cha Tandang Sora. Huyu alikuwa mama mjane, jina lake halisi Melchora Aquino. Vita ya kudai uhuru ilipoanza mwaka 1896 alikuwa amekwisha kuvuka miaka 80. Aliwalisha wapiganaji nyumbani kwake na kuwatibu majeraha yao. Wahispania wakamkamata na kumpeleka uhamishoni katika kisiwa cha Guam. Alirudi kwao mwaka 1903, akaishi hadi mwaka 1919. Nilisimama pale nikisema moyoni: kumbe na mwenzetu wa bendeji na maji ya moto anaweza kupewa mtaa!

Darasani pamoja na vijana

Binti mdogo wa Ate anasoma katika Chuo cha Jiji la San Francisco. Chuo hiki kina idara ya masomo ya Ufilipino tangu mwaka 1970. Siku moja aliniombea ruhusa, nikakaa nyuma ya darasa.

Mimi nilidhani masomo ya aina hiyo ni ngoma na mavazi. La hasha! Vijana wale wanasoma lugha, historia, na habari za wazazi wao waliohama. Niliambiwa kuwa haki hiyo haikuja yenyewe. Kuanzia Novemba 1968 hadi Machi 1969, wanafunzi wa chuo kingine cha San Francisco, wakiwamo Wafilipino, waligoma kwa miezi mitano wakidai historia za watu wao zifundishwe. Mgomo ule ndio uliozaa kitivo cha kwanza cha masomo hayo nchini Marekani.

Kwa upande wa lugha, nilifurahi kupita kiasi. Meza kwa Kitagalog ni "mesa", sabuni ni "sabon", na asante ni "salamat". Sisi meza tuliipata kwa Wareno, wao kwa Wahispania. Salama yetu na "salamat" yao zote asili yake ni Kiarabu, zimesafiri kwa jahazi, moja ikaja kwetu na nyingine ikaenda kwao. Bahari ni moja.

Historia yao si nyepesi. Hispania iliitawala Ufilipino kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1898 ikaiachia Marekani kwa dola milioni 20, kana kwamba watu ni shamba. Uhuru ulipatikana mwaka 1946. Katika miaka ya 1920 na 1930 maelfu ya vijana wa kiume walikwenda California kuvuna mboga na matunda. Wanawake wa kwao walikuwa wachache sana huko, na kuanzia mwaka 1933 sheria ya California iliwataja waziwazi katika katazo la kuoa Wazungu. Katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 1948. Hivyo wengi walizeeka bila mke wala mtoto, wakiishi katika vyumba vya kupanga. Tarehe 4 Agosti 1977 polisi waliwatoa wazee wa namna hiyo kwa nguvu katika Hoteli ya International, barabara ya Kearny, usiku wa manane, huku maelfu ya watu wamesimama nje kuwatetea. Mwaka 2005 pahali pale palifunguliwa jengo jipya la makazi ya wazee.

Na wauguzi je? Hapo ndipo nilipotega sikio. Profesa Catherine Ceniza Choy aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuwa jambo hili lina mizizi katika utawala wa Marekani, ulioanzisha vyuo vya uuguzi Ufilipino na kufundisha kwa Kiingereza. Tangu mwaka 1948 mpango wa kubadilishana wageni uliwachukua wauguzi wa Kifilipino kwa muda wa hadi miaka miwili. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ikafungua mlango zaidi. Leo wao ni kama asilimia 4 ya wauguzi wote wa Marekani. Lakini ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, chama kikubwa cha wauguzi cha huko kilihesabu kuwa karibu theluthi moja ya wauguzi waliokufa walikuwa Wafilipino. Darasa zima lilinyamaza. Vijana wengi mle walikuwa na mama, shangazi au nyanya mwenye sare nyeupe.

Usiku wa maswali

Kazi ya nyumbani waliyopewa ilikuwa kumhoji mtu mzima wa familia kuhusu safari yake. Binti alimhoji mama yake usiku huo, sote tukiwa sebuleni tunakunja nguo. Nilitaka kuondoka, Ate akanishika mkono nikae.

Binti aliuliza mambo mepesi kwanza: Ulikuja mwaka gani? Ulibeba nini? Kisha akauliza, "Ate mkubwa alikuwa na umri gani ulipomwacha?"

Ate alikaa kimya muda mrefu. Akajibu kuwa dada yao mkubwa alikuwa na miaka mitatu. Alimwacha kwa bibi yake katika kisiwa cha Luzon, kwa nia ya kumfuata baada ya mwaka mmoja. Karatasi zikachelewa. Mwaka ukawa minane. Kila baada ya miezi michache alituma sanduku kubwa lenye viatu, sabuni, nyama za kopo na nguo, na kila mara alikadiria kwa kubahatisha miguu ya mtoto imekua kiasi gani. Siku alipokwenda kumpokea uwanja wa ndege, mtoto wa miaka kumi na mmoja alimsalimu vizuri, akaugusisha mkono wake kwenye paji, akamwita "Tita". Maana yake ni shangazi, au mama mdogo.

"Viatu nilivyokuja navyo pale uwanjani havikumtosha," Ate alisema. Basi, hakusema zaidi.

Binti aliacha kuandika. Alikuwa amezaliwa Marekani na hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Alidhani ukali wa dada yake kwa mama yao ni tabia tu. Alikwenda akakaa miguuni pa mama yake, wakalia wote wawili. Kisha, kwa kuwa ndivyo walivyo, Ate akauliza nani ana njaa.

Barua ndani ya mkoba

Usiku ule ndipo nilipoitoa barua. Ate aliisoma yote. Hakuniambia nisiende. Alisema fedha zake zilimsomesha mdogo wake, zikamjengea mama yake nyumba ya matofali, na hajutii hilo. Nasi tusiwe wepesi kuwahukumu mama wanaoondoka. Wafilipino wapatao milioni 10 wanaishi nje ya nchi yao, nao hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 30 kila mwaka. Dada zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania hukutana nao Oman na Saudia wakifanya kazi za majumbani.

Ate alinieleza pia jinsi nchi yake ilivyojifunza kwa machozi. Mwaka 1995 mfanyakazi wa ndani aitwaye Flor Contemplacion alinyongwa Singapuri kwa kosa la mauaji, na watu wengi wa kwao hawakuamini kuwa alitenda. Kwa hasira ya wananchi, mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko nje, na mwaka 2021 ikapitishwa sheria ya kuwaundia wizara yao. Kila anayekwenda kazini hulazimika kuhudhuria semina kabla ya kupanda ndege.

Kisha akaniuliza, "Watoto atalea nani?" Nikajibu upesi: baba yao. Binti akainua kichwa. Akasema kuwa darasani wamesoma kazi ya mtaalamu Rhacel Salazar Parreñas, aliyezichunguza familia za namna hiyo Ufilipino. Aliona kuwa mama anapoondoka, mara nyingi mzigo wa malezi hauwi wa baba. Unawaangukia shangazi, bibi, na hasa binti mkubwa.

Nilinyamaza. Binti yetu mkubwa alikuwa kidato cha pili. Nilianza kukumbuka: wiki zile tatu nikiwa safarini, kila nilipopiga simu ni yeye aliyeniambia mdogo wake amekula nini, sare zimefuliwa au la, na dawa ya mafua imebaki kiasi gani. Baba yao alikuwa akinisalimu na kunipa simu ya binti. Sikuwa nimeliona.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mume wangu yote, bila lawama. Tulikaa jioni tatu na daftari. Tuliandika upande mmoja kila ambacho fedha zile zingefanya, na upande wa pili kila kazi ya nyumba, na jina la mtu atakayeifanya. Jina la binti lilijaa ukurasa. Mume wangu alilitazama kwa muda, akasema, "Huyu naye ni mtoto." Tarehe 25 Septemba niliandika barua ya kukataa. Paa la nyumba yetu bado halijakamilika, na siku za mvua huwa naikumbuka ile barua. Lakini mume wangu sasa ndiye anayefua sare.

Mama msomaji, huenda wewe utaamua kwenda, na huenda kwako huo ndio uamuzi wa busara. Sina neno. Ila kaeni na daftari kwanza, muandike majina. Mwambie mtoto ukweli kwa kadiri ya umri wake. Mzazi anayebaki naye apewe kazi zake waziwazi, asiachiwe binti. Na kama ulikwisha kwenda na kurudi, usingoje mwanao apewe kazi ya shule ndipo akuulize. Mketishe mkikunja nguo, umsimulie.

Ate alinifunga zawadi ya kuondokea: jozi ya viatu kwa mtoto wangu wa mwisho. Kabla ya kuvinunua alinifanya nipige simu nyumbani, mtoto akanyage karatasi, mguu uchorwe, upimwe kwa rula. Vilimtosha sawasawa.