Kitabu chako: kumpa mchapishaji ao kukichapa mwenyewe?

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwako kuna mtu anayeandika. Ni kijana anayejaza daftari usiku kwa mwangaza wa telefoni. Ni baba aliyestaafu kazi ya mgodi, anaandika habari za kambi alimokaa miaka thelathini. Ni mama wa korasi mwenye nyimbo mia kichwani na nusu yake kwenye karatasi. Wote hao, siku moja, wanafika kwenye ulizo lile lile: kitabu hiki nitakitosha namna gani? Nikipeleke kwa mchapishaji na kungoja, ao nikusanye pesa zangu na kukichapa mwenyewe?

Mimi ni mwalimu, naishi Lac Vert, upande wa magharibi wa mji wa Goma, barabara ya kwenda Sake. Mtaa wetu umepata jina juu ya ziwa dogo la maji ya kijani lililolala ndani ya shimo la volkano ya zamani, karibu kabisa na Ziwa Kivu. Huku watu wanajua bei ya makala na ya maji kuliko bei ya kitabu. Hata hivyo madaftari yananifikia, sababu watu wanafikiri kwamba mwalimu wa lugha anajua mambo hayo. Nimejifunza kidogo kidogo, na leo nataka tuzungumze.

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao wengi wanawachanganya. Mpiga chapa ni fundi wa mashini. Unamletea karatasi na pesa, anakurudishia vitabu. Ukimletea makosa mia mbili, atayachapa yote mia mbili katika kila nakala, wala hana hatia. Mchapishaji ni mtu mwingine. Huyo anasoma kazi yako, anaikubali ao anaikataa. Akiikubali, pesa zinatoka mfukoni mwake: za kusahihisha, za kupanga kurasa, za picha ya jalada, za mpiga chapa mwenyewe, za kusafirisha na kuuzisha. Hasara ikija, ni yake. Ndiyo sababu mwandishi anapewa sehemu ndogo tu, na desturi ya mahali pengi ni kama sehemu moja ya kumi ya bei. Kitabu cha dola 5, senti 50. Ndugu, usikasirike mbele ya kufanya hesabu.

Ninyi wa migodini mtaelewa upesi. Mchimbaji ana jiwe, hana njia. Mnunuzi ana mizani, ana gari, ana mtu wa kumwuzishia huko mbele. Kwa hiyo bei ya shimoni si bei ya mjini. Lakini kuna tofauti moja ambayo vijana hawaijui: jiwe ukiliuzisha limekwenda, kitabu hakiendi hivyo. Kwa sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za waandishi, kazi ni ya aliyeiandika maisha yake yote, na kiisha ni ya warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Anayekupa mkataba anaomba ruhusa ya kuitumia. Angalia sana ni ruhusa ya nini, ya miaka mingapi, ya lugha gani.

Wakubwa wetu wamepita njia zote mbili. Kule Kinshasa, Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa 1933 na kufa 2000, alikuwa mwandishi ambaye hata watu wasiopenda kusoma walimsoma. Vitabu vyake vingi vilitoka kwa Saint-Paul, nyumba ya watawa ambayo siku hizi inaitwa Médiaspaul. Vingine alivitosha kwa jina la nyumba yake mwenyewe, Zabat. Upande wa Tanzania, Shaaban Robert alichapishiwa Pambo la Lugha na chuo kikuu cha Witwatersrand, mbali kule Johannesburg. Fikiria: mtu wa Tanga, anaandika kwa Kiswahili, na kitabu kinatokea Afrika ya Kusini! Karibu na mwisho wa maisha yake alianza kujichapishia mwenyewe pale Tanga. Alikufa mwaka 1962, na baadhi ya kazi zake, kama Utubora Mkulima ya mwaka 1968, hakuziona zikiwa vitabu. Ben Mtobwa naye, mzaliwa wa Kigoma, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, alifungua nyumba yake Heko kule Dar es Salaam, akaandika na kuchapisha mpaka kifo chake mwaka 2008. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba kujichapishia ni aibu, ao ni kazi ya waliokataliwa.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Katanga, kwenye mji wa shaba. Mwaka 1965, mtu mmoja aliyeitwa André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Élisabethville, ile Lubumbashi ya leo. Aliiandika kwa ajili ya chama cha wazee waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Hawakuwa na mchapishaji. Waliipiga kwa mashini ya kuandikia, wakatosha nakala zao. Maneno yameungana mahali pasipostahili, nukta hazipo, herufi zinabadilika kama walivyosikia masikioni. Ukiusoma ukurasa wake kimya-kimya unapotea. Ukiusoma kwa sauti, mzee anaanza kusema nawe. Ndivyo ilivyofanyika kweli: mtaalamu Johannes Fabian alipotaka kuielewa, ilibidi Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi, aisome kwa sauti. Fabian akaitosha kwa kitabu kule Amsterdam mwaka 1990, miaka 25 baadaye, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Tuangalie jambo hilo pande zote. Kama wazee wale wangengoja mchapishaji, nani angewapokea mwaka 1965? Kiswahili chao kingeitwa kibovu, na habari zao zingeitwa za jikoni. Walifanya vema kutokungoja. Hata hivyo, nakala zile zilikuwa chache, na bila mgeni yule kuzitunza pengine tusingejua kamwe kwamba ziliandikwa. Na leo kitabu kile kipo zaidi katika vyuo vya mbali kuliko katika nyumba za wajukuu wa maboyi wale. Jambo hili linanichoma. Kuchapa walichapa, kutunza na kueneza hakukuwa na mtu. Na hiyo ndiyo kazi ya mchapishaji ambayo watu hawaioni, sababu haina mashini inayopiga kelele.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kitabu kidogo cha hadithi za mama yangu, zile alizotusimulia Masisi. Nilikipeleka kwa nyumba moja ya vitabu, sitaitaja. Nikangoja miaka miwili na miezi mitatu, jibu halikuja, hata la kukataa. Kiisha nikakichapa kwa pesa zangu, nakala 200. Niliuzisha shuleni, kwenye mlango wa kanisa baada ya ibada, kwenye arusi moja (bwana arusi alinunua kumi kwa kuwafurahisha wakwe). Nakala 140 ziliisha kwa miezi minne, na pesa zangu zikarudi. Hizo 60 zilizobaki ndizo zilizonifundisha. Ziliingia chini ya kitanda. Mvua ya Lac Vert unaijua ama huijui? Maji yanapita juu ya mawe ya volkano, unyevunyevu unapanda ukutani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na siku tano baadaye serikali ilipoamuru mitaa mingi ya Goma ihame, tuliona watu wakipita mbele yetu kwa maelfu kuelekea Sake, na magodoro kichwani. Mke wangu alifunga nguo za watoto, unga na sufuria. Akanitazama, akaniuliza: "Na ile kartoni ya vitabu, baba watoto, nani ataibeba?" Hakuna aliyeibeba. Tuliporudi tuliikuta salama, lakini tangu siku ile najua: anayejichapishia ni mwandishi, ni muuzaji, na ni gala pia.

Sasa nikuambie habari ya kijana mmoja, sababu kwake ulizo hili halikuwa la biashara tu. Alifika mtaani kwetu na jamaa yake mwaka 2024, wakimbizi wa Masisi. Alikuwa amechimba koltani Rubaya tangu umri wa miaka kumi na tano. Tarehe 3 Mei mwaka ule, mabomu yalipoanguka kwenye kambi za wakimbizi za upande wetu, alikimbia na daftari ndani ya shati. Miezi kadhaa baadaye akaniletea. "Mwalimu, niko na buku. Na niko na dola mia nne. Nataka nakala elfu moja, Kampala. Wameniambia kule Nasser Road bei ni nzuri."

Nilisoma daftari lile usiku mbili. Liliandikwa vizuri kuliko mengi niliyoona. Alieleza shimo linavyoporomoka, wanavyomtoa mtu, wanavyogawana viatu vyake. Lakini ndani mlikuwa na majina. Jina la mnunuzi wa mawe, jina la mkubwa mmoja wa askari, mahali wanapokaa, kiasi walichokula. Nikamwuliza: "Mama yako analala wapi?" Akasema, "Hapa kambini." Tukanyamaza wote wawili.

Hapo ndipo mchapishaji wa kweli anastahili ile sehemu yake kubwa. Angemwuliza kijana yule: una ushahidi gani? jina hili lina kazi gani hapa? Angesimama pamoja naye mbele ya sheria. Mpiga chapa haulizi. Analipwa kwa ukurasa. Aliyejichapishia anabaki peke yake na jina lake kwenye jalada, na katika nchi ya vita jalada ni kama kitambulisho unachogawia watu usiowajua. Sikumwambia afute ukweli. Nilimwambia ukweli wa kitabu chake ni lile shimo na vile viatu, na kwamba majina yanaweza kukaa kwenye karatasi nyingine, mahali pengine, yakingoja siku yake. Alikasirika. Alikaa wiki tatu bila kunisalimia.

Aliporudi tuliongea habari ya zile nakala elfu moja. Elewa jambo hili, msomaji, linaangusha wengi. Kwa mashini kubwa ya ofseti, kutayarisha sahani za kuchapia kuna gharama ile ile, utoe nakala mia ao elfu. Kwa hiyo mpiga chapa anakuonyesha kwamba ukiongeza hesabu, kila kitabu kinakuwa rahisi zaidi. Ni kweli. Lakini kitabu rahisi ambacho hakina mnunuzi ni ghali kuliko vyote. Kwa hesabu ndogo, mashini za siku hizi zinazochapa moja kwa moja kutoka kwenye ordinateri zinafaa zaidi, hata kama bei ya kila kimoja inapanda. Na kama ni kijitabu cha kubana kwa pini katikati, panga kurasa zigawanyike kwa nne, la sivyo utalipia karatasi tupu. Tena kuna njia yenyewe: mizigo, ushuru wa mipaka, pesa za kutuma. Bunagana iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Juni 2022, Goma yenyewe mwisho wa Januari 2025, na mabanki yakafunga milango. Wenye vitabu vilivyochapwa mbali walipata tabu ya kulipa na tabu ya kupokea.

Ushauri wangu, na usinichukulie kama sheria: ukiandika kitabu cha shule, ao kitabu kinachogusa majina ya watu na mambo ya hatari, tafuta mchapishaji na uvumilie kungoja. Ukiandika hadithi za jamaa, nyimbo, mafundisho ya ufundi wako, ao kumbukumbu za kambi yenu ya mgodi, jichapishie, nakala chache, hapa karibu, na pesa za kwanza mlipe msahihishaji mbele ya mpiga chapa. Tena jihadhari na wale wa katikati, wanaojiita wachapishaji na ulizo lao la kwanza ni kiasi gani unacho. Mchapishaji anakulipa, wewe ukimlipa yeye, basi ni mpiga chapa aliyevaa koti.

Na usisahau zile nakala za kutunza. Kila kitabu kinachotoka nchini kinapaswa kuwekwa nakala kwenye Maktaba ya Taifa kule Kinshasa. Ongeza moja kwa shule, moja kwa maktaba ya parokia ama ya mission, moja kwa ndugu anayekaa mji mwingine, mbali na volkano na mbali na vita. Yale madaftari uliyoandikia kwa mkono, yapige picha kwa telefoni kabla ya mvua.

Kijana yule alichapa nakala 50, kwenye sekretariati moja ya mjini, na dola zake nyingi akabaki nazo. Jina la mnunuzi halimo. Viatu vimo, ukurasa wa 19. Nakala ya kwanza alimpa mama yake, asiyejua kusoma. Jioni mtoto wa jirani ndiye aliyemsomea, kwa sauti, na watu wa mahema ya karibu wakasogea kusikiliza.