Jumla Moja, Maumivu Mawili

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii niliisikia tangu utoto wangu hapa Mikindani, upande wa bara ya Mombasa, lakini maana yake sikuionja mpaka mwaka 2020, nilipowapeleka hospitali jamaa zangu wawili kwa siku moja.

Wa kwanza alikuwa kaka yangu. Alikuwa dereva wa lori, akichukua makontena kutoka bandari ya Kilindini kwenda bara. Mwaka 2019 serikali iliamuru makontena hayo yasafirishwe kwa reli mpya. Na ingawa mwaka 2022 serikali iliyofuata ilitangaza kuzirudisha shughuli za mizigo Mombasa, kazi ya kaka ilikuwa imekwisha zamani. Usiku alizunguka uani kama mtu aliyepoteza sindano. Chakula kilimshinda, na mikono yake haikutulia. Wa pili alikuwa mama mdogo, aliyefiwa na mtoto wake wa mwisho kwa homa. Yeye alilala mchana na usiku, na akiamka alikuwa hoi kama mpagazi aliyeshinda akipakua meli. Neno lake lilikuwa moja: "Mwanangu, mimi ndiye niliyemchelewesha."

Muuguzi aliwasomea maswali 9 yaliyotungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, yakatangazwa mwaka 2001. Maswali hayo huuliza habari za majuma mawili yaliyopita, na kila jibu hupewa alama kutoka 0 mpaka 3. Alama zikijumlishwa haziwezi kupita 27. Zikifika 10, mtu hushukiwa kuwa na ugonjwa wa sonona. Kaka alipata 14. Mama mdogo alipata 14. Waliambiwa maneno yale yale, wakapewa dawa ile ile, tukarudi nyumbani.

Usiku ule nilizilaza karatasi zao mbili mezani. Alama za kaka zilitoka katika usingizi, chakula, kutotulia, akili kutawanyika, na huzuni kidogo. Za mama mdogo zilitoka katika uchovu, kujilaumu, kutopendezwa na kitu, huzuni, na usingizi vile vile. Katika swali la usingizi wote wawili walipewa 3: mmoja kwa kuwa halali, mwingine kwa kuwa haamki. Swali moja lilikuwa limewafunga kamba moja watu waliokwenda njia mbili! Nikajiuliza: mwenye maembe 14 na mwenye ndimu 14, je, wana mali moja?

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wamejiuliza swali kama hilo. Mwaka 2015 Eiko Fried na Randolph Nesse walichungua dalili za wagonjwa 3,703 wa sonona nchini Marekani. Walikuta namna 1,030 mbalimbali za dalili kukutana katika mtu mmoja. Na karibu nusu ya namna hizo kila moja ilikuwa na mgonjwa mmoja tu. Wengine, kama Denny Borsboom wa Amsterdam, hufikiri kwamba dalili si moshi wa moto mmoja uliofichika tu, bali huweza kuwashana zenyewe kwa zenyewe. Asiyelala huchoka, aliyechoka hushindwa na kazi, aliyeshindwa na kazi hujilaumu, na anayejilaumu halali. Basi anayetaka kuukata mnyororo huo sharti ajue pete zake moja moja.

Karibu nasi, katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, Paul Bolton na wenzake walitangulia kuwauliza wenyeji wayataje masumbuko yao kwa maneno yao wenyewe. Walijibiwa kwamba yapo ya mtu kujichukia na yapo ya mtu kujisikitikia. Baada ya hayo, mwaka 2002, walijaribu tiba ya mazungumzo katika vikundi, na wengi walipata nafuu.

Nisiwe mdhalimu wa karatasi ile. Muuguzi mwenye foleni ndefu hana saa nzima ya kumpa kila mgonjwa, na jumla humwonyesha upesi nani asirudishwe nyumbani bila kutazamwa. Tena jibu la swali moja huweza kuyumba kwa mchoko wa siku moja, ambapo majibu 9 huegemeana. Lakini jumla ni mlango wa nyumba, si nyumba. Swali la 9 huuliza juu ya mawazo ya kufa au ya kujidhuru. Mtu aweza kupata 3 katika swali hilo na 0 katika mengine yote. Jumla yake ni 3, nayo huhesabiwa ndogo kabisa. Ole wake akikutana na msomaji wa jumla tu! Kijana unayesoma, mawazo hayo yakikujia, usingoje yawe mengi. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku ile ile.

Baada ya miezi miwili tabibu mwingine aliwauliza jamaa zangu dalili moja moja. Kwa kaka alianza na usingizi: aache kahawa ya baraza ya usiku, aamke saa moja kila siku, alale au asilale. Mama mdogo alitakiwa kuzungumza, mbele ya wanawake wengine waliofiwa, habari za siku ile ya homa. Sisemi kwamba walipona kesho yake. Kaka alianza kula kabla ya kupata kazi. Mama mdogo bado hulia, ila neno lake limebadilika, sasa husema, "Sikujua."

Tangu hapo, nikimwamkia mtu mwenye huzuni, simwulizi huzuni yake ni kubwa kiasi gani. Humwuliza amelalaje, amekula nini, na moyo wake unamwambia nini. Kisha hunyamaza, nikamsikiliza.